Hewa Nayo Ina Mizani Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, Kigoma, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Msemaji alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi, na sasa amestaafu.



Nasimama mbele yenu kwa furaha nyingi na woga kidogo. Nina furaha kwa kuwa si vyama vyote vilivyozaliwa kando ya ziwa hili vilivyofikisha miaka kumi. Vingine vilikufa vingali vichanga, vikiacha madeni na ghala lenye panya. Nina woga kwa kuwa Kamati ya sherehe imenipa mada ambayo baba zetu wangeicheka, yaani biashara ya hewa.

Lakini jambo lenyewe si la kucheka. Wengi wenu mmekwisha kulisikia. Wageni wamefika katika baadhi ya vyama vyetu vya msingi wakiwa na karatasi za mkataba wa miaka 30, wakiomba wauziwe kaboni ya misitu ya vijiji vyetu. Wengine wamegawa majiko ya bure, na kila aliyepokea jiko ametakiwa kutia sahihi au alama ya dole gumba. Wanachama wanauliza: Je, tutie sahihi au tusitie? Swali hili hapana budi litafika mbele ya Mkutano Mkuu. Sikuja kulijibu badala yenu. Nimekuja kueleza ni kitu gani kinachouzwa, kwa sababu asiyejua anachouza hawezi kujua bei yake.

MOSHI WA AINA MBILI

Kila aliyekulia Ujiji anajua kwamba mvua ikishaosha anga, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya ziwa kana kwamba mtu aweza kuigusa kwa mkono. Ifikapo Agosti, milima hiyo hutoweka. Hutoweka kwa sababu ya vumbi la kiangazi na moshi wa mioto ya nyika na mashamba inayowashwa pande zote za ziwa: kwetu, Burundi, Kongo na Zambia. Moshi hauna pasi ya kusafiria wala hausimami forodhani.

Zamani moshi ulikuwa habari njema. Meli yetu Liemba ilipokuwa ikienda kwa mvuke, moshi wake ukionekana mbali, watu walishuka bandarini kwa shangwe. Moshi wa jikoni nao ulimaanisha kwamba nyumba hiyo leo italala imekula. Hivi leo yatupasa kuutenga moshi katika aina mbili, maana asiyezitenga atadanganywa.

Moshi wa kwanza ni ule unaoumiza karibu. Ndani yake mna chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huingia mapafuni na hata katika damu. Huwaumiza mama zetu wanaopika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, vijana wanaochemsha chikichi ili kupata mawese, na wale wanaokausha migebuka juu ya moto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake.

Moshi wa pili ni hewa ya ukaa. Hauna rangi wala harufu, wala haumkoholeshi aliye karibu nao. Hupanda, huenea duniani kote, na sehemu yake hukaa angani kwa mamia ya miaka, ikilifunika dunia kama blanketi na kuzidisha joto. Msidhani kwamba jambo hilo liko mbali nasi. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha uchunguzi wao juu ya Ziwa Tanganyika, wakaeleza kwamba maji ya juu yakizidi kupata joto hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba. Chakula cha samaki hupungua, na dagaa hupungua pamoja nacho. Basi gari liendalo London na kiwanda kilichoko China vinagusa nyavu za mvuvi wa Kibirizi.

Kumbukeni tofauti hiyo, Mabibi na Mabwana. Moshi wa kwanza huondolewa pale pale unapofukia. Ni moshi wa pili peke yake ambao wageni wetu wanaununua.

BIASHARA HII ILIVYOANZA

Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa na moshi wa makaa ya mawe pamoja na ukungu kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilisema watu 4,000 walikufa. Wachunguzi wa baadaye wamesema huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi. Njia yao ilikuwa ya amri: hapa usichome makaa yenye moshi, basi.

Baadaye wataalamu wa uchumi, mmoja wao J. H. Dales wa Canada katika mwaka 1968, walitoa shauri jingine. Serikali na iweke kikomo cha uchafu wote unaoruhusiwa, kisha igawe kikomo hicho katika hati. Mwenye kiwanda atakayepunguza moshi wake kupita alivyotakiwa aweza kuuza hati zilizobaki kwa mwenzake ambaye kupunguza kwamgharimu zaidi. Marekani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1990 kwa ajili ya moshi wa salfa wa mitambo ya umeme, na moshi huo ukapungua kupita nusu. Mapatano ya Kyoto ya mwaka 1997 yakaipeleka kawaida hiyo kwenye hewa ya ukaa, na Umoja wa Ulaya ukafungua soko lake mwaka 2005. Mapatano ya Paris ya mwaka 2015 nayo yameruhusu mataifa kuuziana upungufu wa hewa hiyo.

Ninyi mnaotumia stakabadhi ya ghala hamtaona ugumu wowote hapa. Stakabadhi si kahawa. Ni karatasi inayosema kwamba kahawa ipo, imepimwa, na ina mwenyewe. Ghala likiwa tupu, stakabadhi ni uongo hata ikiwa na mihuri mitano. Cheti cha kaboni nacho ni hivyo hivyo: kimoja husema kwamba tani moja ya hewa ya ukaa haikuingia angani, au imetolewa angani na kufungwa ndani ya mti. Tofauti ni kwamba ghala lake ni msitu, na mzigo wenyewe hauonekani.

Lakini sikilizeni kisa cha Los Angeles. Mwaka 1993 wakuu wa hewa wa huko waliruhusu makampuni kununua magari machakavu na kuyavunja, na kwa kila gari lililovunjwa kampuni ilipata hati ya kuendelea kutoa uchafu. Kwa hesabu ya mji mzima jambo lilionekana zuri. Magari yale, hata hivyo, yalikuwa yametawanyika kila mtaa, na mvuke wa sumu wa bandari za mafuta uliendelea kuwashukia wakazi wa mahali pamoja, wengi wao wakiwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 1997 malalamiko yakapelekwa mbele ya sheria. Funzo lake ni hili: moshi unaoumiza karibu hauponywi kwa hati iliyonunuliwa mbali.

YALIYOTOKEA KARIBU NASI

Nchi yetu haikuanza jana. Mwaka 2008 serikali ya Norway iliahidi fedha kwa ajili ya majaribio ya kuhifadhi misitu nchini Tanzania. Hapa mkoani kwetu majaribio yalifanyika katika eneo la Masito na Ugalla chini ya Taasisi ya Jane Goodall, na walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji walifundishwa kupima miti na kuandika habari za msitu kwa simu za mkononi. Elimu hiyo ingalipo vijijini, nayo ni mali yetu.

Kusini mwetu, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji 8 vinavyozunguka milima ya Ntakata vimefika mbali zaidi. Kwa kushirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania vimetunza misitu yao na kuuza vyeti, na fedha zilizopatikana zimejenga madarasa na zahanati na kulipia wanakijiji bima ya afya. Nayasema haya wazi ili mtu asiondoke hapa akidhani kwamba biashara hii yote ni ulaghai. Si ulaghai. Kijiji chenye msitu, chenye mpango wa matumizi ya ardhi, na chenye mkutano unaofanya kazi chaweza kufaidika.

Lakini yako pia yaliyokwenda kombo. Nchini Zimbabwe mradi mkubwa wa Kariba ulishutumiwa kwamba ulipewa vyeti vingi kuliko hewa iliyookolewa kwa kweli, na mwezi Oktoba 2023 kampuni iliyokuwa ikiuza vyeti vyake ikavunja mkataba. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, mojawapo ikiwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni wa malisho, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Na kuhusu majiko, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha mwaka 2024 kwamba miradi waliyoichunguza ilikuwa imehesabiwa faida karibu mara tisa ya ile iliyostahili.

DEBE LA MNUNUZI

Niruhusuni nieleze jambo moja la utoto wangu. Mama yangu alikuwa akichemsha mawese, naye aliyauza pwani kwa mnunuzi mmoja ambaye jina lake sina haja ya kulitaja. Mnunuzi alikuwa na debe lake, na mafuta yote yalipimwa kwa debe hilo. Kila mara mama alipofika na debe lililojaa pomoni, aliambiwa halikutimia. Alirudi nyumbani akihesabu makosa yake: labda yamemwagika njiani, labda yamepoa na kushuka. Siku moja mama mwingine, mwenye akili kuliko sisi sote, alijaza debe lake maji ya ziwa akayamimina katika debe la mnunuzi mbele ya watu. Debe la mnunuzi likabaki na nafasi ya bakuli mbili kasoro. Lilikuwa limegongwa kutoka ndani likatanuka.

Hakuna aliyepigana siku ile. Watu walitazamana tu. Lakini ndiyo siku niliyofahamu ushirika ni nini, miaka mingi kabla ya kusoma neno hilo katika kitabu. Ushirika ni kuwa na mizani yenu wenyewe, iliyopigwa chapa na mkaguzi wa vipimo, na daftari ambalo kila mwanachama aweza kuomba alione.

Sasa hewa hupimwaje? Mti hupimwa unene wake katika kimo cha meta 1.3 kutoka ardhini, katika viwanja vichache vilivyochaguliwa msituni. Kisha hesabu hufanywa kwa msitu mzima. Karibu nusu ya uzito wa ukuni mkavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo mti wenye tani moja ya ukuni mkavu umefunga ndani yake karibu tani 1.8. Mpaka hapo hakuna uchawi. Kijana wetu yeyote aliyemaliza sekondari aweza kufundishwa.

Ugumu uko kwingine. Msitu uliokuwapo na ungekuwapo hata bila mkataba hauleti cheti. Kinacholipwa ni tofauti kati ya msitu uliobaki na ule ambao ungebaki kama mradi usingalikuwapo. Na huo ambao ungebaki hakuna aliyeuona! Ni makadirio. Basi makadirio hayo ndiyo debe, na mwenye kuyaweka ndiye mwenye debe. Akiyatia chumvi, atamdhulumu mwanakijiji. Akiyapunguza, vyeti vitakuwa vingi, nasi tutafurahi mwaka wa kwanza na wa pili; halafu wanunuzi watagundua, bei itaanguka, na kijiji kitabaki kimefungwa na mkataba wa miaka 28 iliyosalia. Hapo pia aliyedhulumiwa ni mwanakijiji, ila amecheleweshewa habari.

YAPASAYO KUULIZWA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Naomba vyama vyote vya msingi viulize maswali haya matano, na majibu yaandikwe katika daftari la mkutano.

Kwanza: Nani mwenye mali? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mambo ya ardhi ya kijiji hupita katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake hawezi kuuza, wala karani, wala chama chetu. Chama kiwe mshauri na mtunza hesabu, kisijifanye mwenye msitu.

Pili: Je, mradi umeandikishwa? Tangu mwaka 2022 nchi ina kanuni za biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mgeni asiyejulikana huko asipewe hata kiti.

Tatu: Debe ni la nani? Tuonyeshwe makadirio kwa Kiswahili, na vijana wetu wawemo katika kupima.

Nne: Tunalipwa lini, na kwa bei ya siku gani? Wazee wanakumbuka ubaya wa kuuza kahawa ingali ua. Mkataba unaofunga bei ya leo kwa miaka 30 ni kuuza ua la mtoto ambaye hajazaliwa.

Tano: Tunajinyima nini? Atakayekatazwa kulima, kuchoma mkaa, au kuchunga msituni ni nani? Mara nyingi ni maskini kuliko wote, naye hayumo mkutanini. Mgawo wa fedha uanzie kwake.

MOSHI WETU WENYEWE

Ndugu Mwenyekiti, sipendi kuondoka nikiwa nimesema juu ya wageni tu. Hata tukiuza vyeti elfu kumi, moshi wa jiko la mama hautapungua kwa pumzi moja. Huo wahitaji mpango wetu wenyewe, tena wa pwani nzima.

Mwaka 2008 mataifa ya Afrika Mashariki yalikubaliana mjini Nairobi kushirikiana juu ya uchafuzi wa hewa. Mataifa manne ya ziwa letu yana mkataba wao wa mwaka 2003 na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Makaratasi yapo. Kinachokosekana ni mikono, na mikono ndiyo tuliyo nayo sisi.

Napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Vyama vya wakamua mawese vijenge matanuri yenye bomba la kutolea moshi, yanayotumia makapi na maganda ya mise vizuri badala ya kuni mbichi. Vyama vya wakulima vikubaliane siku za kuchoma mashamba, mapema, kabla nyasi hazijakauka mno, na majirani wapewe habari. Na pale iwezekanapo masalia yageuzwe mboji badala ya kuchomwa. Na mfuko wetu wa mikopo uweke fungu la majiko na mitungi ya gesi, likopeshwe kwa akina mama kwa jina lao wenyewe. Hakuna atakayetupa cheti kwa kazi hiyo. Malipo yake ni kifua kisichokohoa.

Mabibi na Mabwana, miaka kumi iliyopita tulianza na mizani moja ya kuazima na daftari la kurasa mia. Leo tuna ghala, tuna lori, tuna wanachama wasiokubali tena kupimiwa kwa debe la mtu mwingine. Mkataba wa hewa ukija mbele ya Mkutano Mkuu, usikataliwe kwa sababu ni mgeni, wala usikubaliwe kwa sababu mletaji amevaa vizuri. Upimwe. Na ikiwa mizani yake haionekani, tungoje mpaka ionekane. Msitu uliosimama miaka mia hauwezi kuharibika kwa kungoja mikutano miwili.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakujua kwamba siku moja hewa nayo ingekuwa mali, lakini neno lao linatosha.

Nawatakia nyote sherehe njema, na Chama chetu miaka mingine kumi ya mizani ya haki.